Simu Ndani ya Mchele

Saa kumi na moja alfajiri bati letu la Ng'ambo
lilikuwa limeshaanza kusema peke yake.
Nilipiga pasi ya mkaa kwa mwanga wa tochi:
sketi ya dada Kalunde, blauzi yangu ya mahafali.
Vyeti nikavifunga mara mbili,
kwanza bahasha ya kaki, kisha nailoni ya godoro,
kama mtu anayemfunika mgonjwa wa safari.
Shangazi akachungulia nje. "Mvua ni baraka," akasema.
Yeye hakuwa na pa kwenda.

Kampuni ya tumbaku, saa mbili kamili.
Tulikuwa kumi na tisa kwenye benchi la watu sita,
maji yakitutoka kwenye pindo, yakikutana sakafuni,
yakifahamiana kabla yetu.
Bwana mwenye tai alishika cheti changu kwa vidole viwili.
"Uzoefu?"
Nikamwambia nimemaliza chuo Julai.
"Mitano," akasema. "Tunataka miaka mitano."
Nikapiga hesabu: ningeanza kazi nikiwa kidato cha nne,
kati ya kipindi cha jiografia na kufyeka uwanja.

Mbele ya posta soli ya kulia ikafungua kinywa.
Chwa, inasema. Chwa.
Kila hatua inameza tope la Tabora na kulitema.
Muuza vocha, mvulana mdogo chini ya mwavuli mkubwa,
alinipa mpira wa kufungia noti,
akakataa mia mbili yangu.
Sikujua niseme nini. Nikasema, "Haya."

Duka la vipuri vya pikipiki, saa tano na robo.
Bi Zuwena aliuliza moja tu:
"Una mchumba?"
Sina.
"Utampata. Utaniacha na mahesabu yangu."
Akashusha macho taratibu, sketi, goti, mpaka kwenye ule mpira.
"Tutakupigia."

Nilitaka kurudi nyumbani. Niseme ukweli:
nilikuwa nimeshageuka.
Ila njia ya kurudi ilikuwa mto,
na ofisi ya ushirika wa warina asali
ilikuwa upande huu wa mto.

Katibu, Bwana Kapela, hakuwa nyuma ya meza.
Alikuwa juu yake, kwa soksi, ameinua beseni kuelekea dari
kama anayeomba mchango.
Matone yalimkwepa, yakaenda kwenye kabati.
Hakuuliza jina. Hakuuliza uzoefu.
Swali la kwanza la usaili: "Shika hapa."

Nilishika. Kisha nikaachia, nikafungua kabati,
maana nilichosomea miaka miwili ni hicho hicho,
utunzaji wa kumbukumbu,
na sikuwahi kuona kumbukumbu zikizama.
Daftari za mizinga, risiti za nta,
barua ya mwaka themanini na saba ya mtu aitwaye Mihambo
akidai debe lake moja la asali, kwa adabu, kwa mara ya tatu.
Nilitenga mbichi na kavu. Nikaomba kamba.
Tukaanika karatasi ukuta hadi ukuta
kama bibi anavyoanika michembe,
chumba kizima kikanukia nta na wino uliolia.
Kumbe ilikuwa saa kumi.
"Huyu Mihambo," nikauliza, "alilipwa?"
Bwana Kapela alicheka, halafu akaacha kucheka.

Mshahara hatukuutaja.
Karatasi kavu haikuwepo, namba yangu
akaiandika kwenye kiganja.
"Tutakupigia," akasema.
Neno lile lile la Bi Zuwena.

Nyumbani simu ilitoa maji kama chura.
Nikaizika kwenye bakuli la mchele.
Shangazi alisimama na sufuria, akatazama bakuli,
akanitazama mimi, akatazama bakuli.
Nje bado inanyesha. Nawaza kile kiganja,
yuko wapi saa hizi, ana mwavuli?

Usiku ule tulikula ugali.